Herufi Zinazonyamaza

UKURASA WA DARASA

Sisi walimu wa kujitolea wa ukurasa huu tu wazima, chaki bado ipo kidogo, na lile sanduku la maswali mlangoni mwa darasa mwezi huu limejaa kweli.

Katika maswali yaliyoingia, mawili tumeyaweka pamoja, maana ukiyaangalia vizuri ni swali moja. La kwanza limetoka kwa mama mmoja. Mwanawe anajifunza Kiingereza jioni. Aliandika naif, akiwa na maana ya kisu, akapigiwa kosa. Akaambiwa mbele kuna k, na mwisho kuna e. Mama anauliza: kama hiyo k haisemwi, inakaa pale inafanya nini?

La pili ni la baba mmoja. Alikwenda kuangalia jina la mdogo wake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Mdogo wake anaitwa Hassani. Akatafuta kwenye H, juu mpaka chini, mara mbili, hakuliona. Akarudi nyumbani amenyong'onyea. Kumbe jina lilikuwepo. Lilikuwa kwenye A, limeandikwa Assane.

Maswali yote mawili yanahusu tahajia, yaani namna ya kupanga herufi za neno. Na yote mawili yanahusu herufi ambayo mdomo hauisemi lakini karatasi inaijali. Basi mwezi huu tukae hapo.

HATA CHUONI ZIPO

Wengi wetu kabla ya kushika daftari la skuli tulikwenda chuo, kwa mwalimu wa Kurani. Na huko herufi za kimya zipo. Ukiandika Assalaam kwa herufi za Kiarabu unaanza na alif, halafu lam, halafu sin. Lakini ile lam huisemi. Unapita juu yake mpaka kwenye sin, na sin unaikaza. Hakuna anayesema al-salaam. Lakini ukisema al-qamar, yaani mwezi, lam inasikika vizuri. Mwalimu wa chuo alitufundisha kwamba kuna herufi 14 za jua na 14 za mwezi. Kwenye za jua lam inanyamaza, kwenye za mwezi inasema. Hakuna mtoto aliyelia kwamba Kiarabu kimemdanganya. Tulishika kanuni, tukaendelea.

Babu zetu wa pwani hii waliandika Kiswahili chao kwa herufi hizohizo za Kiarabu. Barua za masheikh na wakubwa wa kaskazini ya Msumbiji, za miaka ya 1800, zimehifadhiwa mpaka leo Maputo, kwenye Arquivo Histórico de Moçambique. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kusoma na kuandika ni kitu kigeni huku kwetu.

KIINGEREZA: ZAMANI ZILISEMWA

Sasa twende kwenye kisu. Kwa Kiingereza ni knife. Zamani Waingereza waliisema ile k, na n nyuma yake, kama mtu anayesema k-nif. Goti ni knee, na hapo pia k ilisikika. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu na Kiingereza, mpaka leo goti wanaliita Knie, na k wanaisema. Waingereza waliiacha pole pole, na kufika miaka ya 1700 ilikuwa imeshapotea midomoni mwao. Midomoni imepotea, karatasini imebaki.

Au chukueni night, yaani usiku. Katikati mna gh, na mtoto akifika hapo anakwama. Zamani ile gh ilikuwa sauti ya kooni, jirani na kha tuliyoisoma chuoni. Wajerumani usiku wanauita Nacht, na sauti ya kooni bado wanayo. Waingereza wameiacha, lakini alama yake hawakuifuta.

Mtauliza, kwa nini karatasi haikufuata mdomo? Sababu kubwa ni mashine. Mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda cha kupiga chapa vitabu Westminster, London, cha kwanza Uingereza. Kabla ya hapo kila mwandishi aliandika alivyosikia yeye, na neno moja liliweza kuandikwa namna nne, tano, bila ugomvi. Vitabu vya chapa vilipoenea, watu wakaanza kuzoea namna moja. Lakini miaka ileile ndo matamshi ya Kiingereza yalikuwa yanabadilika sana, hasa irabu. Ni kama mtoto aliyepigwa picha siku moja: yeye amekua, ana ndevu, picha imebaki vilevile.

Hizo ni herufi zilizosemwa zikaachwa. Lakini zipo nyingine ambazo hazikuwahi kusemwa na Mwingereza yeyote. Deni kwa Kiingereza ni debt, na b haisemwi. Neno hili walilichukua kwa Wafaransa likiwa dette, bila b. Kwenye miaka ya 1500 wasomi wao wakasema: Kilatini ni debitum, kina b, basi tuiandike na sisi. Wakaiandika. Wananchi hawakuisema. Sisi tunaosoma Kireno b hiyo tunaijua, ipo kwenye débito na inasemwa.

Kisiwa nacho ni island, na s haisemwi. Hilo ni neno la Kiingereza chenyewe, na zamani liliandikwa iland. Wasomi wakadhani ni ndugu wa isle, neno linalotoka kwenye Kilatini insula, wakalitia s. Kumbe si ndugu. Kwa hiyo s ile iliingia kwa makosa ya wakubwa wenye vitabu vyao, na leo mtoto wa huku akiisahau, kosa anapigiwa yeye!

Halafu wapo waliotaka kusafisha. Noah Webster alikuwa mwalimu Marekani, na mwaka 1828 alitoa kamusi kubwa. Aliandika color, yaani rangi, akaondoa u ambayo Waingereza wanaiweka. Akaandika center badala ya centre. Wamarekani wakakubali. Lakini alitaka pia tongue, yaani ulimi, liandikwe tung, kama linavyosikika. Hapo watu walikataa. Haya mambo hayaendi kwa akili peke yake. Yanakwenda kwa watu kukubali.

Ushahidi mnao nyumbani. Tazameni gunia la chakula lililoandikwa World Food Programme. Neno la mwisho lina me mkiani. Mmarekani angeandika program, akaishia hapo. Wote wawili wanatamka sawasawa, na wote wamepatia, kila mmoja kwao.

Kwa hiyo mama yetu, jibu la swali lako ni hili. Ile k haifanyi kazi yoyote mdomoni. Imebaki kwa sababu watu walikubaliana ibaki. Mwanao aliyeandika naif ana masikio mazuri. Amesikia vizuri na ameandika alichosikia, kama Kiswahili kilivyomfundisha. Kilichobaki ni kuyajua makubaliano ya Waingereza.

KIRENO NACHO

Kireno, lugha ya shule zetu na ofisi zetu, kina kimya chake, lakini ni kidogo na kina kanuni. Herufi ya kwanza ya kimya ni h. Hospital, hoje, hora, homem: h zote hizo huandikwa na hazisemwi. Mtoto anayejua Kiswahili anasema hospitali, h inasikika. Akiingia darasa la Kireno lazima aimeze. H inasikika ikiwa na mwenzake tu, kama kwenye ch, lh na nh, na hapo inabadilisha sauti.

Ya pili ni u inayokaa baada ya q au g, mbele ya e na i. Tunaandika Quissanga, tunasema Kisanga. Tunaandika Quirimba, tunasema Kirimba. Hata ghuba yetu hapa Palma, Tungi ya wazee, kwenye ramani za Kireno ni Tungue. Ile u haisemwi, lakini ina kazi. Ukiitoa, g ikikutana na e inabadilika sauti, karibu na j, na jina linaharibika. Kwa hiyo u ile ni mlinzi, hasemi neno lakini yuko kazini.

Na Kireno kimebadilika pia. Mababu waliosoma vitabu vya kabla ya 1911 walikuta pharmacia na theatro. Mwaka 1911 Ureno ilibadilisha tahajia, ikawa farmácia na teatro. Ndo katika mageuzi hayohayo herufi k, w na y zilitolewa rasmi kwenye alfabeti ya Kireno, zikaachwa kwa maneno na majina ya kigeni. Mwaka 1990 nchi zinazosema Kireno, Msumbiji ikiwemo, zilitia saini makubaliano mapya. Humo k, w na y zimerudishwa, na c na p zisizosemwa zinaondoka: acção inakuwa ação, óptimo inakuwa ótimo. Brazili na Ureno zinafuata. Huku kwetu bado mtaona acção kwenye vitabu na karatasi nyingi. Mtoto akiona hivi leo na vile kesho asidhani mmoja wa waandishi hajasoma.

NA KISWAHILI CHETU?

Kiswahili hakina mambo mengi. Unachosema ndicho unachoandika. Hata neno la kigeni likija linavuliwa herufi zake za kimya mlangoni. Sign ya Kiingereza ina g ya kimya. Imeingia kwetu ikawa saini. Cupboard ina p isiyosemwa. Kwetu ni kabati. Kwenye mpira half ina l ya kimya. Sisi tunasema hafutaimu na hatuna habari na hiyo l.

Lakini usahihi huu haukushuka tu. Watu walikaa wakapanga. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 ikaanza kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kazi yake ikiwa tahajia iwe moja. Na bado tunabadilika. Vitabu vya zamani viliandika khabari, leo ni habari. Wapo wanaoandika ahsante na wapo wanaoandika asante, na wengi ile h hata hawaisemi. Umeona? Na sisi tunayo ya kwetu moja.

Huku Msumbiji nako, mwaka 1988 wataalamu walikutana chini ya Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kupanga tahajia ya lugha zetu za nyumbani, Kimwani, Shimakonde na Emakhuwa zikiwemo. Humo k, w na y hutumika bila tatizo. Ndo maana mtaona Makonde kwenye kitabu kimoja na Maconde kwenye kingine. Watu ni walewale.

MAJINA YETU KWENYE KARATASI

Sasa tumefika kwenye swali la baba yetu, na hapa tunaomba tusomeane pole pole, mwenye macho mazuri awasomee wazee.

Sisi watu wa pwani hii tunaishi kati ya tahajia mbili. Upande wa Tanzania mto ni Ruvuma. Upande wetu ni Rovuma. Maji ni yaleyale. Kionga iliandikwa hivyo na Wajerumani walipoishika mwaka 1894. Wareno walipoichukua Aprili 1916, kwao ni Quionga. Kijiji hakikuhama.

Kilichoupata mto na kijiji kinatupata na sisi wenyewe. Karani anayesikia kwa sikio la Kireno anaandika kwa mkono wa Kireno. Aliyeandikwa upande wa pili wa mto, au na mtu wa Kiswahili, anaandikwa kwa Kiswahili. Kanuni zenyewe ni chache, zishikeni:

Kwanza, h inadondoka. Hamisi ni Amisse. Hassani ni Assane. Halima anaweza kuwa Alima.

Pili, sh inakuwa ch au x. Shabani ni Chabane. Rashidi ni Rachide. Wanaojua mji wa Xai-Xai kule kusini wanajua unatamkwa Shai-Shai.

Tatu, k inakuwa c, au qu mbele ya e na i. Bakari ni Bacar. Kasimu ni Cassimo.

Nne, s inakuwa mbili. Kireno kikiwa na s moja kati ya irabu, inasomwa z. Mesa ya Wareno ndiyo meza yetu. Kwa hiyo Musa akiandikwa kwa s moja, Mreno atamwita Muza. Ndo maana anaandikwa Mussa.

Tano, y inakuwa i na w inakuwa u. Ayubu ni Aiuba. Yusufu ni Issufo. Bwana ni Buana. Swalehe huanza na Su.

Hakuna aliyekosea hapo. Kila mwandishi amefuata kanuni za lugha yake. Tabu ni kwamba karatasi hazijui kuwa zinamsema mtu mmoja.

Na sisi tuliokimbia, deslocados kama tunavyoitwa, tabu hiyo inatugusa kuliko wengine. Tangu Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, na Machi 2021 hapa Palma, nyumba ziliungua na karatasi zake ndani. Wengine walivuka mto wakarudi. Watu wameandikwa upya mara mbili, mara tatu, kila mara mbele ya karani mwingine, wakiwa wamechoka, na watoto wanalia. Mtoto mmoja anaweza kuwa Hamisi kwenye kadi ya chakula, Hamis kwenye daftari la shule, Amisse kwenye cédula. Kwa mama yake ni mtoto mmoja. Kwa karatasi ni watoto watatu, na siku ya kuandikishwa mtihani au kuomba BI ataulizwa: wewe ni yupi?

Kwa hiyo tunashauri hivi:

Ukitafuta jina kwenye orodha, usitafute mahali pamoja. Jina la H litafute pia kwenye A, E, I, O na U. Jina la Sh litafute kwenye S, C na X. Jina la K litafute kwenye C na Q. Jina la Y litafute kwenye I. Kabla hujarudi nyumbani na huzuni, pita kote huko kwanza.

Chagueni karatasi moja iwe mama wa nyingine zote. Kwa mtoto, iwe ile ya kuzaliwa, cédula au assento. Namna jina lilivyoandikwa humo, ndivyo liandikwe shuleni, hospitalini na kwenye kadi. Kama pale ni Amisse, mwandikisheni Amisse. Nyumbani mwiteni Hamisi, msikitini mwiteni Hamisi. Jina lake halijabadilika, tahajia tu.

Usiondoke mezani kwa karani kabla jina halijasomwa. Mwambie kwa adabu, naomba unisomee herufi moja moja. Si utovu wa heshima, ni haki yako. Kama macho hayaoni au hukusoma, nenda na mtoto wa darasa la nne au la tano. Kazi hii wanaiweza, tumewajaribu darasani.

Andikeni majina ya nyumba nzima kwenye karatasi moja, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vyeti, na siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Ifungeni ndani ya nailoni pamoja na karatasi nyingine. Mwenye simu ya kamera apige picha. Siku ya mvua au ya kukimbia, Mungu atuepushe, hiyo ndo inabebwa kwanza.

Kosa likishaingia, usiongeze herufi kwa kalamu yako wala usifute. Karatasi iliyochorwa inaweza kukataliwa kabisa. Kosa la cheti linarekebishwa na registo civil wenyewe. Nenda na karatasi zako nyingine zote, na mtu mzima anayekujua.

Na la mwisho, kwa wale ambao bado wanatafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Tunajua mpo, na tunajua ni wengi. Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kutafuta jamaa huku Cabo Delgado. Mkienda kutoa jina, msitoe namna moja. Semeni: anaitwa Hassani, huenda ameandikwa Assane, huenda Hassan. Toeni na jina la utani, maana pengine kule aliko wanamjua kwa hilo. Toeni jina la baba na la mama, na kijiji alichozaliwa. Herufi moja isiwe sababu ya mtu kuwa kwenye orodha na sisi tukasema hayupo.

KWA WAZAZI WENYE WATOTO WA SHULE

Turudi kidogo kwa yule kijana wa naif, maana wenzake wapo wengi.

Tunaomba msiwapige kwa ajili ya herufi za kimya. Fimbo haiwezi kumwonyesha mtoto herufi asiyoisikia. Lakini zipo njia zinazosaidia, tumeziona hapahapa chini ya mwembe.

Moja ni kuyapanga maneno kwa ukoo. Knife, knee na know, yaani kujua, ni ukoo mmoja wa k ya kimya. Night na light, yaani mwanga, ni ukoo wa gh. Write, kuandika, na wrong, si sahihi, ni ukoo wa w ya kimya. Mtoto akishika ukoo, hashiki neno moja tu, anashika kumi.

Nyingine ni kuisema ile ya kimya kwa mchezo. Wakati wa kuandika, mtoto aseme k-naif, i-s-land, kwa sauti, wacheke. Wakati wa kusoma asiseme. Kucheka kunaweka herufi kichwani kuliko kuandika mara hamsini.

Na ya tatu, kusoma chochote kilichoandikwa. Mfuko wa sabuni, gunia, boksi la dawa, bango la njiani. Macho yakishazoea umbo la neno, mkono unaanza kukataa wenyewe likiandikwa vibaya.

Wazazi wasiosoma, msijitoe. Mtoto akirudi muulizeni: leo mmesoma neno gani lenye herufi isiyosemwa? Akueleze. Anayeeleza ndo anayeshika.

ZOEZI LA MWEZI

Kwa wadogo zetu, majibu yatiwe sandukuni kabla ya mwisho wa mwezi:

1. Tafuta herufi za kimya kwenye maneno haya ya Kiingereza: write, hour, doubt, knee. Moja kati yake ni ndugu wa neno la Kireno ambalo nalo lina herufi hiyohiyo ya kimya. Ni lipi?

2. Zunguka nyumbani kwenu. Leta maneno matatu ya Kireno yenye h au u isiyosemwa, uliyoyaona kwenye vitu, si kwenye daftari.

3. Muulize bibi au babu jina lake kamili. Liandike kwa Kiswahili, halafu kwa Kireno. Kisha omba akuonyeshe karatasi yake, kama anayo, uone limeandikwaje. Kama halifanani na la karatasi nyingine, mwambie mkubwa wa nyumba.

Hilo la tatu ni la kila nyumba, hata isiyo na mwanafunzi. Jumamosi baada ya alasiri tutakuwa darasani. Atakayeleta karatasi zake tutamsomea herufi moja moja na kumwandikia ile orodha ya nyumba, bila malipo. Njooni na nailoni zenu.

Mungu akipenda, tuonane mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea